Ibn al-Nafis: Faqihi aliyeifuata njia ya damu moyoni



Katika mikoa ya Shinyanga na Geita, mchimbaji wa dhahabu akilalamika kifua, jamaa zake hufikiria kwanza vumbi la mashimoni na kifua kikuu. Hawakosei, kwa kuwa maradhi hayo yapo na yanaua. Lakini yapo maradhi mengine yanayokwenda kimya kimya, bila kikohozi wala homa, nayo ni ya moyo na mishipa ya damu. Wagonjwa mahututi wa mikoa hiyo hupewa rufaa kwenda Hospitali ya Bugando, jijini Mwanza. Huko ulifanyika utafiti wa miaka 3, ukachapishwa mwaka 2013. Ulionesha kuwa miongoni mwa watu wazima waliolazwa katika wodi za maradhi ya ndani, shinikizo la damu na madhara yake vilikuwa sababu ya pili ya vifo baada ya UKIMWI.

Kila daktari anayefunga mkanda wa kipimo katika mkono wa mgonjwa anategemea maarifa ya jambo moja: damu hupita njia gani mwilini? Ijumaa ya leo tumependelea kumkumbuka mwanachuoni aliyelijibu sehemu ya swali hilo karibu miaka 800 iliyopita, kisha akasahauliwa kwa muda mrefu.

Jina lake ni Alauddin Ali bin Abil-Hazm al-Qarshi, mashuhuri kwa jina la Ibn al-Nafis. Alizaliwa mwanzoni mwa karne ya 7 Hijria, yaani karne ya 13 Miladia, katika ardhi ya Sham, karibu na mji wa Damascus. Alijifunza utabibu katika hospitali iliyojengwa mjini humo na Sultani Nuruddin Zangi. Mwalimu wake mkubwa alikuwa tabibu al-Dakhwar, ambaye wanafunzi wake wengi walikuja kuwa watu wa kutajika. Hospitali hiyo haikuwa mahali pa kulaza wagonjwa tu. Ilikuwa pia darasa, ambamo mwanafunzi alisoma kitabu, kisha akayatazama maradhi kwa macho yake.

Baadaye alihamia Cairo, akatibu wagonjwa na kufundisha, hata akawa mkuu wa matabibu wa Misri. Lakini utabibu haukuwa elimu yake pekee. Alikuwa faqihi wa madhehebu ya Imamu Shafi, madhehebu yaliyoenea katika pwani yetu ya Afrika Mashariki, na alifundisha fiqhi katika madrasa ya al-Masruriyya. Aliandika pia juu ya misingi ya elimu ya hadithi. Ndiyo maana habari zake zimo katika vitabu vya matabibu na vilevile katika vitabu vya wasifu wa mafaqihi.

Waandishi wa wasifu wake wanasimulia kisa kimoja kinachotuonesha hali ya mtu huyu. Siku moja alikuwa hamamuni akioga. Katikati ya kuoga alitoka hadi chumba cha kubadilishia nguo, akaagiza kalamu, wino na karatasi, akaketi na kuandika risala nzima juu ya mapigo ya mshipa. Alipoimaliza, ndipo akarudi kumalizia kuoga kwake.

Kazi iliyompa heshima kubwa zaidi aliiandika kabla hajatimiza umri wa miaka 35. Mwaka 1242 alikamilisha sherehe ya sehemu za al-Qanun, kitabu cha Ibn Sina, zinazoeleza maumbile ya viungo vya mwili. Wakati ule matabibu wote walifuata kauli ya Galen, tabibu wa Kiyunani ambaye Waarabu humwita Jalinus. Galen alifundisha kuwa damu hutoka chumba cha kulia cha moyo na kuingia cha kushoto kwa kupenya vitundu visivyoonekana katika ukuta uliopo baina yake. Kauli hiyo ilikuwa imeishi zaidi ya miaka 1,000, na Ibn Sina mwenyewe hakuipinga.

Ibn al-Nafis aliikataa. Alieleza kuwa ukuta ule ni mnene, hauna kitundu cha dhahiri wala cha siri. Damu, kwa maelezo yake, hutoka chumba cha kulia, ikapita katika mshipa mkubwa hadi mapafuni, ikachanganyika na hewa, kisha ikarudi kwa mshipa mwingine hadi chumba cha kushoto. Alisema tena kuwa ndani ya mapafu lazima pawepo njia nyembamba zinazoiunganisha mishipa hiyo miwili. Njia hizo zilionekana mwaka 1661, pale Marcello Malpighi wa Italia alipozitazama kwa hadubini. Aidha alieleza kuwa moyo hulishwa na mishipa iliyotandaa katika mwili wa moyo wenyewe. Mishipa hiyo ndiyo inayoziba mtu anapopatwa na shambulio la moyo.

Insafu inatutaka tuseme pia mipaka yake. Hakuugundua mzunguko wote wa damu mwilini. Hilo lilifafanuliwa na William Harvey wa Uingereza mwaka 1628. Tena aliandika kuwa sheria na huruma vilimzuia kupasua maiti, na hadi leo wataalamu wanajadiliana aliufikiaje ukweli ule. Lakini jambo moja ni wazi: hakukubali kauli kwa sababu tu aliyeisema ni mkubwa. Wala hakumdharau mkubwa huyo. Kitabu cha Ibn Sina alikifanyia sherehe, na muhtasari wa elimu hiyo unaonasibishwa naye, al-Mujaz, ulisomeshwa kwa karne nyingi. Alisahihisha huku akiheshimu.

Alifariki Cairo mwaka 687 Hijria, sawa na 1288 Miladia. Inasimuliwa kuwa katika maradhi yake ya mwisho matabibu wenzake walimshauri anywe mvinyo kuwa dawa, naye akakataa, asipende kukutana na Mola wake na kitu hicho kikiwa tumboni mwake. Nyumba yake na vitabu vyake aliviweka wakfu kwa hospitali ya al-Mansuri, iliyokuwa imejengwa mjini Cairo miaka michache tu kabla ya kifo chake. Ugunduzi wake ulikaa katika giza la maktaba hadi mwaka 1924, pale daktari kijana wa Kimisri, Muhyiddin al-Tatawi, aliyekuwa akisoma Ujerumani, alipousoma katika nakala ya mkono mjini Berlin na kuuandikia tasnifu.

Ndugu wasomaji, tunayo mazingatio hapa. Katika nyumba zetu, za Kahama na Geita na kwingineko, ipo mazoea ya kuacha dawa za presha mara mtu anapojisikia nafuu. Nafuu hiyo imeletwa na dawa. Akiziacha, shinikizo hupanda tena bila dalili, na siku moja kiharusi kinamwangusha baba wa watu. Vilevile mtoto mwenye maumivu makali ya koo hupewa maji ya chumvi yakaishia hapo, kumbe baadhi ya maambukizi ya koo yasipotibiwa kwa dawa stahiki huweza kuharibu vali za moyo wake maisha yote. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2015, hupasua na kutibu mioyo ya namna hiyo, lakini safari ya kufika huko ni ndefu na ya gharama kwa mtu wa Geita. Kupima mapema katika zahanati ya karibu ni wepesi zaidi.

Wapo wanaodhani kuwa kwenda kupima ni upungufu wa tawakkul. Na wamtazame faqihi huyu wa Kishafi. Asubuhi alifundisha dini na jioni akashika mshipa wa mgonjwa, wala hakuona mgongano baina ya dua na dawa. Basi baada ya Swala ya Ijumaa leo, tumuulize mzee wetu nyumbani: presha yake imepimwa lini mara ya mwisho?

Wabillahi tawfiq.