Padri Bosco na Kilo Mpya

Mchimbaji wa Kolwezi akipeleka gunia la mawe ya shaba kwenye mizani, hupimiwa kwa kilo. Zamani kilo ilikuwa ngeni hata kwa watu wengi wa Ulaya.

Yohane Bosco alizaliwa mwaka 1815 huko Becchi, Italia. Baba yake alikufa yeye angali mdogo sana. Alipokuwa padri alikaa mjini Torino, akawafundisha jioni vijana wa kazi, wengi wao wasaidizi wa waashi.

Siku zile ratili yao ilikuwa na wakia 12. Kisha serikali ikaamuru kwamba tangu Januari 1, 1850, watu wote watumie mita, lita na kilo. Asiyejua hesabu hiyo angepunjwa sokoni bila kutambua. Mwalimu mbaya angewakaririsha tu tarakimu, na fimbo mkononi. Padri Bosco alitoa kitabu chepesi, tena mwaka 1849 akatunga mchezo wa kuchekesha juu ya vipimo vipya, na vijana wenyewe wakauigiza mbele ya watu.

Alifariki mwaka 1888. Mwaka 1911 Wasalesiani, watawa wa shirika lake, walifika Elisabethville, mji uitwao leo Lubumbashi, wakafungua shule katika nchi ya shaba.