Rudolf Diesel: Aliyezipa pikapu nguvu, akafa na madeni

Na Mwandishi Wetu, Buigiri

KILA dereva wa pikapu anayepita Buigiri, wilayani Chamwino, katika barabara kuu ya Dodoma na Morogoro, hulitamka jina la Mjerumani mmoja aliyefariki dunia mwaka 1913. Hulitamka anapoomba dizeli kituoni, pengine bila kujua kwamba hilo ni jina la mtu.

Rudolf Diesel hakuwahi kuiona pikapu yenye injini yake. Hata hivyo, ubishi wa madereva na mafundi wa leo, kwamba kati ya magari mawili yenye bodi moja ni lipi lenye nguvu zaidi na lipi laweza kuongezwa nguvu bila kuharibika, chimbuko lake limo katika karakana aliyofanyia kazi.

Alizaliwa Machi 18, 1858 mjini Paris, Ufaransa, kwa wazazi wenye asili ya Bavaria. Vita ya Ufaransa na Prussia ilipozuka mwaka 1870, familia hiyo ililazimika kukimbilia London, na kijana huyo akiwa na umri wa miaka 12 akapelekwa Augsburg kulelewa na ndugu.

Baadaye alisoma uhandisi mjini Munich chini ya Carl von Linde, bingwa wa mitambo ya barafu. Ugonjwa ulimzuia kufanya mtihani wa mwisho mwaka 1879, akaenda kujifunza kazi katika kiwanda cha Sulzer huko Winterthur, Uswisi, kabla ya kurudi na kufaulu kwa alama za juu mwaka 1880.

Darasani kwa Linde alijifunza jambo ambalo halikumtoka kichwani: injini ya mvuke ilitumia takriban sehemu moja tu ya kumi ya joto la makaa, nyingine yote ikipotea. Ni vyema ikaeleweka kwamba shabaha yake haikuwa mwendo kasi. Alitaka kila tone la mafuta lifanye kazi.

Wazo lake lilikuwa kushindilia hewa ndani ya silinda hadi ipate joto kali, kisha mafuta yapulizwe humo na kuwaka yenyewe bila plagi. Alipata hataza mwaka 1893, na viwanda vya Augsburg na Krupp vikakubali kugharamia majaribio.

Jaribio la kwanza, Agosti 10, 1893, nusura limuue. Kipimo cha mgandamizo kilipasuka kwa kishindo na vipande vyake vikatawanyika karakanani. Februari 1894 injini ilizunguka yenyewe kwa muda wa dakika moja hivi, na mwaka 1897 Profesa Moritz Schröter akaipima rasmi: zaidi ya robo ya joto la mafuta iligeuka kuwa kazi.

Injini hiyo ilikuwa na ujazo wa karibu lita 20, lakini ilitoa nguvu za farasi takriban 18 tu. Toyota Hilux yenye injini ya lita 2.4, iliyoingia sokoni mwaka 2015, hutoa 150. Yaani ujazo ni sehemu ya nane, na nguvu ni mara nane.

Sababu ya kwanza ni mizunguko, kwani ile ya mwaka 1897 ilizunguka mara 150 na ushei kwa dakika. Sababu ya pili ni hewa, na hapa anaingia Alfred Büchi, mzaliwa wa Winterthur, mji ule ule wa Sulzer. Mwaka 1905 Büchi alisajili wazo la kutumia moshi unaotoka kwenye injini kuzungusha feni ya kusukuma hewa zaidi ndani ya silinda. Hiyo ndiyo turbo.

Katika uwanda wa Dodoma, wenye kimo cha takriban mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, jambo hili si la vitabuni. Hewa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya kumi kuliko Dar es Salaam. Land Cruiser ya lita 4.2 isiyo na turbo, yenye nguvu za farasi 130 hivi, hupungukiwa kwa kiasi kama hicho ifikapo Buigiri, ilhali yenye turbo hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo.

Aidha, maandishi ya ujazo ubavuni mwa gari hayatoshi kumwongoza mnunuzi. Hilux za lita 2.5 zilizotangulia ziliuzwa zikiwa na nguvu za farasi 102 kwa toleo moja na 144 kwa jingine. Toleo kubwa lilikuwa na turbo bora na kifaa cha kupoza hewa kabla haijaingia kwenye silinda. Anayebadili programu ya kompyuta ya gari dogo na kuongeza mafuta bila kuongeza hewa hununua moshi mweusi, pistoni zilizoungua na silinda hedi iliyopinda.

Kuharakisha mambo kulimgharimu Diesel mwenyewe. Kiwanda kilichoanzishwa Augsburg mwaka 1898 kuunda injini zake kilitoa mashine ambazo hazijakomaa, wateja wakalalamika na kiwanda kikakwama. Afya yake nayo ikayumba.

Jambo moja lingewagusa wakazi wa Dodoma. Katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1900, injini ndogo ya aina yake iliendeshwa kwa mafuta ya karanga, na Diesel baadaye akaona kwamba mafuta ya mimea yangeweza kuyafaa makoloni. Miaka 47 baadaye Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga Kongwa, mkoani humu, ingawa walitafuta mafuta ya kula. Ardhi ngumu na ukame viliuangusha mwaka 1951.

Hataza zilimtajirisha Diesel, lakini jumba la kifahari mjini Munich, kesi na uwekezaji mbaya vilimaliza fedha hizo.

Usiku wa Septemba 29, 1913 alipanda meli ya Dresden kutoka Antwerp, Ubelgiji, kwenda Uingereza. Alikula chakula cha jioni, akaagiza aamshwe asubuhi, akaenda chumbani. Hakuonekana tena akiwa hai. Siku kadhaa baadaye mabaharia wa Kiholanzi waliopoa mwili baharini, wakachukua vitu vilivyokuwa mifukoni na kuurudisha majini. Mwanawe Eugen alivitambua vitu hivyo kuwa vya baba yake.

Wapo waliodai aliuawa, lakini wengi huamini alijiua. Inaelezwa kwamba kabla ya safari alimwachia mkewe, Martha, mkoba uliokuwa na marki 20,000 taslimu, pamoja na nyaraka za benki zilizoonyesha kuwa akaunti zake zilikuwa tupu.