MAREHEMU THARIA TOPAN NA JENGO LA UFUKONI UNGUJA

Marehemu Tharia Topan alizaliwa Kutch, Bara Hindi, mwaka 1823, akafika Unguja angali mtoto. Alianza kazi ya chini katika nyumba ya biashara, akapanda hata akakodishiwa ushuru wa forodha, mahali palipopitia karafuu za mashamba na pembe za ndovu. Mwaka 1887 aliweka ufukoni jiwe la msingi la hospitali ya maskini. Akafariki mwaka 1891, jengo halijaisha. Mjane wake akalikamilisha mwaka 1894. Baadaye likawa zahanati, likachakaa, likakarabatiwa katika miaka ya 1990.

Wanachama wenzangu, maghala yetu nayo yatabaki sisi tukiisha kuondoka. Tuache hesabu zilizo wazi, ili watakaobaki waweze kumaliza tulichoanza.