Ramabai: Mama Aliyeijua Njaa

Wiki hii tumwangalie mama mmoja wa India, Pandita Ramabai.

Alizaliwa mwaka wa 1858. Njaa ya miaka ya 1870 ikawaua baba, mama na dada yake. Yeye na kaka yake wakazunguka nchi kwa miguu, bila makao. Baadaye kaka akafa. Mwaka wa 1882 mume naye akafa, akamwachia mtoto ambaye hata hajafika mwaka mmoja.

Mwaka wa 1883 alibatizwa akiwa Uingereza. Aliporudi India, akafungua nyumba ya wajane na wasichana.

Mwaka wa 1896 njaa ikarudi. Ramabai angeweza kutuma pesa tu na kubaki nyumbani. Lakini alijua msichana aliyeachwa peke yake na njaa huangukia mikono ya watu wabaya, kwa hivyo akaenda mwenyewe. Akarudi na mamia ya wasichana, akawakalisha Kedgaon, mahali alipopaita Mukti, yaani wokovu. Njaa ya 1900 ilipokuja, walikaribia 2,000.

Pale Mukti hakutenganisha mwili na roho. Kulikuwa na chakula na mahali salama pa kulala. Kulikuwa na shule na kazi: kufuma, kulima, kuchapa vitabu. Na kulikuwa na maombi. Mwaka wa 1905 uamsho ukashuka hapo, kabla ya ule wa Azusa Street wa 1906. Walioshukiwa na Roho ni wale wale waliookotwa njaani. Sisi Wapentekoste tunapenda kusimulia uamsho, lakini jikoni ya Mukti tunaisahau.

Alimzika binti yake mwaka wa 1921. Yeye akalala 1922, akiwa ameitafsiri Biblia kwa Kimarathi.

Wapendwa, mtu akipoteza nyumba kwa mafuriko, au akitoka hai kwenye shambulio la magaidi, sisi tunamwombea dakika mbili, tunamwambia ni mapenzi ya Mungu, halafu tunaenda zetu. Na usiku hapati usingizi. Kaa naye. Msikilize. Uliza kama amekula, na wiki ijayo rudi tena.

Na wewe uliyepita huko, machozi yako ni mtaji. Usiuache ulale. Kuna mtu anangoja faraja ile ile uliyopewa. Nenda usome 2 Wakorintho 1:3-4, halafu umtafute.

Mungu akubariki.