Rumanyika wa Karagwe na Njia ya Usui

Makala haya yanamtazama Rumanyika, mukama wa Karagwe, kutoka upande wa kusini, yaani kutoka Usui. Ndiyo nchi ambayo wenyeji waliiita Rusubi, na ambayo sehemu yake kubwa imo leo katika wilaya ya Biharamulo na kuelekea Ngara. Wanahistoria wengi wameanzia Bweranyange, makao ya mukama. Hata hivyo, msafara uliotoka Unyanyembe kwenda Karagwe ulipita Usui kwanza, na bila ya Usui ukarimu wa Rumanyika hauelezeki.

Alirithi kiti cha baba yake, Ndagara, katika miaka ya 1850, baada ya kushindana na ndugu yake Rogero. Katika mashindano hayo alisaidiwa na Musa Mzuri, mfanyabiashara wa Kihindi aliyekaa Kaze, Tabora ya leo. Ni dhahiri kwamba deni hilo lilimfungamanisha na watu wa pwani, na chini yake kituo chao cha Kafuro kilistawi. (Mwanaisimu atatambua katika jina lake shina -many-, la kujua, pamoja na kiambishi -ik-.)

Tofauti ya siasa za nchi hizi mbili ilidhihirika mwaka 1861. Mnamo Oktoba na Novemba, Speke na Grant walizuiliwa Usui kwa Suwarora, mtawala wa nchi hiyo. Walidaiwa hongo ya nguo, shanga na nyaya, wakatozwa na wakuu wadogo vilevile, wala hawakupata kuonana na Suwarora mwenyewe. Speke alimlaumu sana. Lakini yafaa tukumbuke kwamba mlinda njia aliyekuwa mbali na soko la pembe za ndovu hakuwa na pato jingine la hakika kutokana na biashara ya wengine ila hongo. Walipovuka mpaka, mjumbe wa Rumanyika aliwapokea kwa amri kwamba walishwe kwa gharama ya mukama, kwani wageni hawakutozwa ushuru Karagwe. Mimi sioni hapo upole wa tabia tu: Rumanyika alitaka bidhaa zifike kwake bila kupungua zaidi ya zilivyokwisha kupungua Usui.

Tarehe 25 Novemba 1861 aliwasalimu kwa Kiswahili fasaha, kwa ushahidi wa Speke mwenyewe. Kwa wasomaji wa jarida hili hilo si jambo dogo. Miongo kadhaa kabla ya shule za wakoloni, mtawala wa magharibi ya ziwa alikuwa tayari akiutumia usemi wa misafara katika mazungumzo ya kidola.

Kisha akawapatanisha wageni hao na Mutesa wa Buganda. Speke aliondoka Januari 1862. Grant, aliyekuwa mgonjwa wa mguu, alibaki hadi Aprili chini ya uangalizi wa mwenyeji wake. Stanley naye alipokelewa vizuri mwanzoni mwa 1876.

Rumanyika alifariki yapata mwaka 1878. Warithi waligombana, na katika miaka ya 1880 biashara ya Buganda ilizidi kupita majini. Barabara ya leo itokayo Lusahunga na Nyakahura inavuka Kagera kwenye daraja la Rusumo, wilayani Ngara, kuingia Rwanda. Bweranyange imeachwa mbali kaskazini.