Bill Black: Bingwa wa besi aliyelazimika kujifunza upya

SIKU moja mwaka wa 1957, katika studio ya Hollywood, Marekani, Bill Black alilitupa sakafuni gitaa la besi la umeme na kutoka nje kwa hasira. Wimbo uliokuwa ukirekodiwa, Baby I Don't Care, ulifunguliwa kwa mpigo wa kasi wa besi, na kila alipoujaribu vidole vyake vilijikwaa. Elvis Presley mwenyewe aliliokota gitaa hilo na kuupiga mpigo huo. Sauti yake iliingizwa baadaye.

Ilikuwa fedheha kubwa kwa mtu ambaye besi yake ilikuwa miongoni mwa nguzo za muziki wa roki.

Black alizaliwa mjini Memphis, Tennessee, Septemba 17, 1926. Ala yake ya kwanza iliundwa na babake kwa kisanduku cha sigara, kipande cha ubao na nyuzi. Baada ya kutumikia jeshi, alifanya kazi katika kiwanda cha magurudumu na kuanza kupiga besi kubwa ya mbao, ile ambayo mpigaji huisimamisha mbele yake. Alimuiga Fred Maddox, aliyesifika kwa kuvuta nyuzi na kuziachilia zigonge ubao, huku kiganja kikiupiga.

Ustadi huo ulidhihirika Julai 5, 1954, Black, Elvis na mpiga gitaa Scotty Moore waliporekodi That's All Right. Hapakuwa na ngoma studioni. Mgongo wa wimbo ulikuwa besi ya Black.

Hata hivyo, besi ya mbao ilimezwa na kelele za umati. Gitaa la besi ambalo Leo Fender aliliingiza sokoni mwaka wa 1951 lilisikika vyema zaidi kupitia vipaza sauti. Lakini lilishikwa kwa kulazwa kifuani, shingo yake ilikuwa na vituo vya chuma, na halikuhitaji kofi la kiganja. Yale ambayo mikono ya Black iliyajua kwa miaka mingi hayakumfaa tena.

Septemba 1957, yeye na Moore walijiuzulu kwa sababu ya mishahara duni. Walilipwa dola 200 kwa wiki wakiwa ziarani na dola 100 wasipokuwa ziarani, ilhali Elvis alikuwa akivuna mamilioni. Walirejea kwa muda tu.

Black hakukata tamaa. Alilizoea gitaa lililomshinda, na mwaka wa 1959 akaunda bendi yake, Bill Black's Combo. Kibao chao Smokie kilishika nafasi ya kwanza katika chati ya muziki wa R&B, na White Silver Sands kikafuata mwaka wa 1960.

Mwaka wa 1964, bendi hiyo ilitangulia jukwaani katika ziara ya Beatles nchini Marekani, lakini Black alikuwa amebaki nyumbani. Alifariki Oktoba 21, 1965, kutokana na uvimbe kwenye ubongo, akiwa na umri wa miaka 39.

Katika miaka ya 1970, Linda McCartney alimzawadi mumewe, Paul, mpiga besi wa Beatles, ile besi ya mbao ya Black. Naye Black aliingizwa katika Jumba la Mashujaa wa Roki mwaka wa 2009, miaka 44 baada ya kifo chake.