Rubani Aliyeanzia Nairobi

Wengi tunamjua Roald Dahl kwa hadithi za watoto, kumbe alikuwa rubani wa ndege za kivita! Mwaka 1939 aliacha kazi ya mafuta Dar es Salaam, akaja Nairobi kwa gari kujiunga na jeshi la anga la Uingereza. Akafunzwa hapo kwa ndege ndogo, kisha Iraki. Septemba 1940 alianguka jangwani, fuvu likapasuka, wiki kadhaa haoni. Lakini Aprili 1941 alikuwa angani Ugiriki akipigana. Alifariki 1990.

Ndugu zangu, urubani wataka afya, masomo na subira. Subira ndiyo tunayofunzwa na saumu hii. Allah atujaalie. Amin.